Kanisa Kuu la Durham: Jengo la Washindi, Kaburi la Mwenyeji

Tarehe 11 Agosti 1093, juu ya kilima cha mawe kinachozungukwa na Mto Wear kaskazini mwa Uingereza, Askofu William wa Saint-Calais aliweka jiwe la msingi la kanisa jipya. Kando yake alisimama Turgot, mkuu wa monasteri ya Wabenedikto ya mahali hapo, na masimulizi ya zamani yanamtaja pia Mfalme Malcolm wa Tatu wa Uskoti kuwa alihudhuria. Malcolm hakuuona ukuta ukipanda. Miezi mitatu baadaye aliuawa vitani karibu na Alnwick. Askofu naye alifariki Januari 1096. Kazi haikusimama. Kufikia mwaka 1133, miaka 40 tu tangu siku ile, kanisa lilikuwa limefunikwa kwa mawe toka ncha ya mashariki hadi ya magharibi.

Yapo makanisa makuu ya Ulaya yaliyojengwa kwa karne mbili na zaidi, kila kizazi kikiongeza mtindo wake juu ya ule wa babu zake. Durham ilijengwa na watu ambao wengi wao waliweza kuona mwanzo na mwisho. Ndiyo maana ukiingia ndani leo unakutana na fikra moja: nguzo nene za mviringo, matao ya nusu duara yaliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa, na juu kabisa dari ya mawe. Wataalamu huita mtindo huu Romaneski, na wengi wao huliweka jengo hili katika safu ya mbele kabisa ya kazi za mtindo huo duniani. Mwaka 1986 UNESCO iliorodhesha kanisa hilo pamoja na ngome iliyo jirani kuwa Urithi wa Dunia.

Wanaolisifu kanisa hili huanza na nguzo. Mimi naona tuanze na maiti, kwa sababu bila maiti ile pasingekuwa na nguzo hata moja.

Cuthbert alikuwa mtawa na baadaye askofu wa Lindisfarne, kisiwa kidogo cha pwani ya mashariki. Alifariki tarehe 20 Machi 687 katika kisiwa cha Farne, alikokwenda kuishi peke yake na sala zake, na ndege wa baharini ndio waliokuwa majirani. Miaka 11 baadaye, mwaka 698, watawa walifukua kaburi ili wahifadhi mifupa yake. Wakaukuta mwili mzima, haujaoza, kana kwamba amelala. Habari zikaenea. Tangu hapo Cuthbert akawa mtakatifu wa watu wa kaskazini, mlinzi wao na shahidi wa viapo vyao.

Kisha wakaja Waviking. Walipora Lindisfarne mwaka 793, na baada ya miaka mingi ya hofu, mwaka 875, watawa walibeba jeneza la mwaloni lenye mwili wa Cuthbert wakaondoka kisiwani. Walizunguka nchi kavu kwa miaka kadhaa wakitafuta mahali salama. Walitulia Chester-le-Street kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 995 wakahama tena, na safari hiyo ikaishia Durham. Wenyeji wana hadithi yake: jeneza lilikataa kusogea, wabebaji wakaelewa kwamba mtakatifu anataka kupelekwa mahali paitwapo Dun Holm, nao hawakupajua. Wakamsikia mwanamke akimuuliza mwenzake kama amemwona ng'ombe wake wa kijivu aliyepotea, naye akajibiwa kuwa yuko Dun Holm. Wakamfuata mwanamke yule. Ng'ombe huyo amechongwa kwa jiwe upande wa nje wa kanisa, na mitaa ya Durham bado inamkumbuka.

Hadithi ni nzuri, lakini kilima chenyewe kinajieleza. Mto umekizunguka pande tatu, kingo zake ni mwinuko mkali, na adui ana njia moja tu ya kuingilia. Watu waliokwisha kukimbizwa mara nyingi walijua wanachotafuta. Askofu Aldhun akajenga hapo kanisa la mawe lililozinduliwa mwaka 998, na watu wakaliita Kanisa Jeupe.

Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, kaskazini haikukubali. Januari 1069 mfalme wao, William, alimtuma Robert de Comines na mamia ya askari washike Durham. Wenyeji waliingia mjini alfajiri, wakawaua askari mitaani, na nyumba alimokuwamo Robert ikachomwa moto pamoja naye. Jibu la mfalme lilikuwa la kikatili kiasi kwamba hata waandishi waliompendelea walishindwa kulitetea. Katika majira ya baridi ya 1069 hadi 1070 majeshi yake yaliteketeza vijiji, maghala na mifugo kote kaskazini, na njaa ikamaliza waliobaki. Mwaka 1072 akaamuru ngome ijengwe Durham. Mwaka 1080 wenyeji wakamuua Askofu Walcher huko Gateshead, na jeshi likaja kulipa kisasi tena.

Huu ndio udongo ambao kanisa hili lilijengwa juu yake. William wa Saint-Calais alipokuja kuwa askofu baada ya Walcher, alikuta nchi iliyojeruhiwa na watu wasiomwamini. Alikuwa Mnormani, mtumishi wa mfalme, mgeni. Lakini alikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba watu wale walikuwa na mfalme mwingine, aliyekufa karne nne nyuma, aliyelala ndani ya jeneza la mwaloni. Hakumpuuza Cuthbert. Alimchukua.

Mwaka 1083 aliwaondoa makasisi waliokuwa wakilinda kaburi, watu wenye wake na watoto ambao ukoo wao ulirithishana kazi hiyo, akaleta watawa 23 wa Kibenedikto kutoka Wearmouth na Jarrow. Makasisi wale walipewa nafasi ya kuwa watawa, yaani kuziacha ndoa zao. Ni mmoja tu aliyekubali. Ninapoisoma habari hii huwafikiria wale waliokataa na wake zao, waliofungasha vitu vyao na kuliacha kaburi ambalo babu zao walilibeba mabegani. Majina yao mengi hayakuhifadhiwa, na bado bila wao pasingekuwa na mtakatifu wa kujengewa.

Mwaka 1088 askofu alituhumiwa kumsaliti Mfalme William Rufus, akafukuzwa nchini na kukaa Normandia karibu miaka mitatu. Alirudi 1091 akiwa ameyaona makanisa makubwa mapya ya upande ule. Mwaka uliofuata Kanisa Jeupe likabomolewa.

Sasa tuje kwenye jengo. Lina urefu wa mita 143 hivi. Waashi walichimba mawe ya mchanga ya eneo lenyewe, na walipanga kazi kwa namna inayostahili heshima hata leo. Nguzo za ukumbi mkuu zinapishana. Moja ni ya mviringo, inayofuata ni fungu la nguzo nyembamba zilizoungana, kisha mviringo tena. Zile za mviringo zina mzingo wa takriban mita 6.6 na kimo kama hichohicho, nazo zimechongwa mapambo yanayozunguka mwili mzima: mistari ya kupinda kama meno ya msumeno, almasi, mifereji ya wima. Katika mabawa ya kanisa na upande wa mashariki, karibu na alipolazwa Cuthbert, mapambo yanageuka kuwa mistari inayojizungusha kuelekea juu. Baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba nguzo hizo ziliiga zile zilizozunguka kaburi la Mtakatifu Petro kule Roma, ili mwenye macho ajue anakaribia mahali patakatifu.

Mapambo hayo hayakuchongwa nguzo ikiwa imekwisha kusimama. Kila jiwe lilichongwa chini, kwa kipimo kimoja, likapandishwa likiwa na kipande chake cha mstari, na mistari ikakutana. Ukikosea jiwe moja, mstari wote unapotea. Kazi kama hii hudai fundi mkuu mwenye mchoro kamili kichwani kabla jiwe la kwanza halijakatwa, na hudai mafundi wanaomwamini. Jina la fundi mkuu wa Durham halikuandikwa popote. Ya maaskofu tunayo yote.

Lililoipa Durham nafasi yake katika historia ya ujenzi ni dari. Wajenzi wa karne ya 11 walikuwa na tatizo moja kubwa: moto. Makanisa mengi yenye kuta za mawe yaliezekwa kwa mbao, na mshumaa mmoja au radi moja ilitosha kulimaliza jengo. Dari ya mawe ingeondoa hatari hiyo, lakini jiwe ni zito na halipendi kuning'inia. Waroma waliacha mfano wa dari iliyopinda kama mtumbwi uliofudikizwa, nayo inasukuma kuta kwa nguvu sawa kila mahali, hivyo kuta hulazimika kuwa nene na madirisha kuwa madogo. Kwa ukumbi mpana na mrefu wa kanisa kuu, njia hiyo ilikuwa na mipaka yake.

Mafundi wa Durham walianza na mbavu. Juu ya kila sehemu ya mraba walisimamisha matao mawili ya mawe yanayokatana kona kwa kona, yakishikiliwa kwa muda na fremu za mbao. Mbavu zilipokauka na kusimama zenyewe, waliziba nafasi zilizobaki kwa mawe na chokaa. Mbavu ziligawa dari katika vipande ambavyo fundi angeweza kuvijenga kimoja kimoja, ziliongoza umbo lake, na zilipokea uzito zikausukuma kwenda kwenye nguzo chache zilizoandaliwa kuubeba. Ukuta katikati ya nguzo ukapumzika. Dari za njia za pembeni za upande wa mashariki, zilizojengwa kuelekea mwisho wa karne ya 11, ni miongoni mwa dari za mbavu za kale kabisa zilizobaki Ulaya.

Kwenye ukumbi mkuu, kati ya 1128 na 1133, walifika mbali zaidi. Tao la nusu duara lina ukaidi wake: kimo chake hufuata upana wake, huwezi kubadilisha kimoja bila kingine. Mbavu zinazokatana kona kwa kona zina safari ndefu, kwa hiyo hupanda juu; matao yanayovuka ukumbi moja kwa moja yana safari fupi, kwa hiyo yangebaki chini, na dari ingekuwa na mabonde na vilima. Mafundi wakayavunja yale ya kuvuka kwenye kilele, wakayapa ncha. Tao lenye ncha linaweza kuinuliwa kadiri unavyotaka. Dari ikapanda kwa usawa hadi mita 22 kutoka sakafuni. Na ili kuta zisisukumwe nje, wakajenga matao ya robo duara yanayozikumbatia kwa nje, wakayaficha chini ya mapaa ya njia za pembeni ambako mgeni hayaoni.

Mbavu, tao lenye ncha, na matao ya kutegemeza: hayo matatu ndiyo yatakayobeba makanisa ya mtindo wa Gothiki nchini Ufaransa kuanzia miaka ya 1140, na kuziachia kuta zao zijae vioo. Durham ilikuwa nayo yote chini ya paa moja, na bado ikabaki na uzito na utulivu wa Romaneski. Nakiri kwamba hapa ndipo moyo wangu unapoegemea. Katika makanisa ya Gothiki jiwe hujitahidi lisionekane jiwe. Durham inakuonyesha mzigo, na inakuonyesha namna mzigo unavyobebwa.

Si kila jaribio lilifaulu. Dari kubwa ya kwanza, ile ya upande wa mashariki iliyokuwa tayari mwaka 1104, ilipasuka na ikabidi ijengwe upya katika karne ya 13. Lakini mwaka huohuo wa 1104 ilitosha kwa kazi iliyokusudiwa. Askofu Ranulf Flambard, aliyewahi kufungwa katika Mnara wa London na kutoroka kwa kamba iliyofichwa ndani ya pipa la mvinyo, aliongoza ibada ya kumhamishia Cuthbert nyumba yake mpya. Watawa walifungua jeneza kwanza, usiku, kwa woga. Walishuhudia kwamba mwili bado ulikuwa mzima, miaka 417 baada ya kifo.

Hakulala peke yake. Bede, mtawa wa Jarrow aliyeandika maisha ya Cuthbert na pia historia ya kwanza kubwa ya Kanisa la Waingereza, alifariki mwaka 735. Karne tatu baadaye kasisi mmoja wa Durham, Alfred Westou, alikuwa akienda Jarrow mara kwa mara kusali, hadi siku moja aliporudi mapema, peke yake, na hakwenda tena. Mifupa ya Bede ilikuwa Durham. Leo imelazwa katika Kikanisa cha Galilaya, upande wa magharibi.

Kikanisa hicho kina habari yake. Askofu Hugh le Puiset alitaka, katika miaka ya 1170, kujenga kikanisa cha Bikira Maria upande wa mashariki kama ilivyokuwa desturi. Kuta zikapasuka. Watawa walisema Cuthbert hataki wanawake wasogee karibu naye, kwa kuwa kikanisa kile kingewapokea. Kikajengwa magharibi, kwenye ncha ya genge: matao ya nusu duara yaliyochongwa meno ya msumeno juu ya nguzo nyembamba mno, chepesi kuliko kitu kingine chochote Durham. Ndani ya ukumbi mkuu, upande uleule wa magharibi, kuna mstari wa mawe meusi sakafuni. Mwanamke hakuruhusiwa kuuvuka. Mwaka 1333 Malkia Philippa, aliyekuwa amelala na mumewe Mfalme Edward wa Tatu katika makazi ya mkuu wa monasteri, aliamshwa usiku na kuambiwa atoke. Akakimbilia ngomeni akiwa na nguo za ndani.

Kwa hili nitasema wazi: Cuthbert alisingiziwa. Bede, aliyewajua watu waliomjua, anatuambia kwamba alikuwa rafiki na mshauri wa Abesi Ælfflæd, na kwamba aliomba azikwe katika kitani alichopewa na mwanamke mwingine, Abesi Verca. Chuki dhidi ya wanawake ilipachikwa jina lake baada ya 1083, na waliofaidika nayo ni watawa waliochukua nafasi ya makasisi wenye wake. Mstari ule uko palepale. Ni vyema haukung'olewa, ili tuuone.

Mlango wa kaskazini nao ulikuwa na sheria yake, na hii ilikuwa ya huruma. Juu yake kuna uso wa shaba wa karne ya 12, wenye macho matupu na nywele kama miale ya jua, umeng'ata pete. Mtu aliyeua au kuiba, akiikamata pete ile na kubisha, aliingizwa ndani na kuwekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Cuthbert kwa siku 37. Alivishwa joho jeusi lenye msalaba wa njano begani. Ndani ya siku hizo alipaswa kutafuta suluhu na waliomdai, au kukubali kuondoka nchini milele. Katika zama ambazo kisasi kilimaliza koo nzima, siku 37 za kutulia zilikuwa na maana kubwa. Haki hiyo ilifutwa nchini kote mwanzoni mwa karne ya 17. Pete inayoonekana mlangoni sasa ni nakala iliyowekwa mwaka 1980. Yenyewe imehifadhiwa ndani.

Maaskofu wa Durham walikuwa na nguvu ambazo askofu mwingine nchini hakuwa nazo. Walikuwa na mahakama zao, walitengeneza sarafu zao, waliita majeshi dhidi ya Waskoti. Mamlaka hayo yaliondolewa mwaka 1836 tu. Katika karne ya 13 waliongeza Kikanisa cha Madhabahu Tisa, cha Gothiki, upande wa mashariki, na mnara wa kati ulijengwa upya baada ya kupigwa na radi mwaka 1429. Una kimo cha mita 66.

Monasteri ilivunjwa kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane, na watawa wakasalimisha funguo tarehe 31 Desemba 1539. Kaburi la Cuthbert, lenye dhahabu na vito vya mahujaji wa karne nyingi, lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Watu wa mfalme walitarajia mifupa, wakakuta mwili. Ukazikwa chini palepale, chini ya bamba la jiwe. Mwaka 1541 kanisa lilianzishwa upya kama kanisa kuu la Kianglikana, na Hugh Whitehead, aliyekuwa mkuu wa mwisho wa monasteri, akawa Dekano wake wa kwanza.

Kipindi cha giza kuliko vyote kilikuja karne moja baadaye. Tarehe 3 Septemba 1650 jeshi la Oliver Cromwell liliwashinda Waskoti huko Dunbar. Maelfu ya mateka waliswagwa kwa miguu kuelekea kusini, bila chakula cha kutosha, na takriban 3,000 wakafungiwa katika kanisa na ngome ya Durham. Ibada zilikuwa zimesimamishwa na jengo lilikuwa tupu. Ugonjwa wa kuhara ukaingia. Inakadiriwa kwamba 1,700 hivi walifia hapo. Waliobaki walichoma viti na mbao za kanisa wapate joto. Wenyeji husema saa kubwa ya ukutani waliiacha salama kwa kuwa juu yake umechongwa mbaruti, ua la nchi yao. Baadhi ya walionusurika walisafirishwa ng'ambo kufanya kazi za lazima, wengine hadi Massachusetts.

Maiti zilizikwa wapi? Kwa zaidi ya miaka 350 hapakuwa na jibu. Mwaka 2013 mafundi waliokuwa wakijenga mkahawa wa maktaba, hatua chache kutoka kanisani, waligonga mifupa. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Durham ulithibitisha mwaka 2015 kwamba ni ya vijana wa Dunbar. Walizikwa kwa heshima mjini Durham mwezi Mei 2018. Nadhani historia yoyote ya kanisa hili isiyosimama hapa kwa muda ni pungufu, kwa sababu kuta zilezile zilizowapa wauaji siku 37 za usalama hazikuwapa vijana hawa chochote.

Mwishoni mwa karne ya 18 hatari ilitoka kwa waliotaka kulipamba kanisa. Uso wa nje wa kuta ulichongwa ukaondolewa kwa sentimita kadhaa ili uonekane safi, na maumbo ya kale yakapotea pamoja na vumbi. Nusu ya ukumbi wa mikutano ya watawa ilibomolewa katika miaka ya 1790 na haikujengwa tena hadi 1895. Mipango ya msanifu James Wyatt ilitaka Kikanisa cha Galilaya kiondolewe ili magari ya farasi yafike mlangoni. Paa lilikuwa limeanza kuvuliwa risasi Dekano alipoingilia kati.

Mwaka 1827 bamba la Cuthbert liliinuliwa. Safari hii palikuwa na mifupa, na pamoja nayo vipande vya jeneza la mwaka 698 vilivyochongwa malaika na mitume, msalaba wa dhahabu wenye vito vyekundu, chanuo la pembe, na mavazi ya ibada yaliyotariziwa kwa agizo la Malkia Ælfflæd mwanzoni mwa karne ya 10. Mifupa ikarudishwa. Vitu vinaonyeshwa katika majengo ya zamani ya monasteri, jikoni na bwenini, yaliyofunguliwa kwa wageni mwaka 2016. Jiwe la kaburi lina neno moja tu, jina lake kwa Kilatini.

Miaka mitano baadaye, 1832, viongozi wa kanisa walitumia mali yao kuanzisha Chuo Kikuu cha Durham. Lakini mabadiliko makubwa zaidi ya karne hiyo yalikuwa chini ya ardhi. Durham ikawa nchi ya makaa ya mawe. Vijiji vizima viliishi kwa shimo moja, na vilifiwa kwa shimo moja. Wachimbaji walianza sherehe yao ya kila mwaka mwaka 1871, na ikawa desturi kwamba siku hiyo, mwezi Julai, baadhi ya bendera za vijiji huingizwa kanisani zikitanguliwa na bendi za matarumbeta. Bendera ya kijiji kilichopoteza watu shimoni hufungwa kitambaa cheusi. Bendi hupiga wimbo uliotungwa na Robert Saint, mchimbaji wa kaunti hiyo, kuwakumbuka wanaume 266 waliokufa katika mgodi wa Gresford, Wales, mwaka 1934. Hauna maneno. Tangu 1947 kuna kumbukumbu ya wachimbaji ndani ya ukumbi mkuu, karibu na nguzo zile.

Mwaka 1993 kanisa lilitimiza miaka 900. Desemba ya mwaka huohuo, mgodi wa mwisho wa makaa wa eneo la Durham ulifungwa huko Monkwearmouth, jirani kabisa na monasteri ile walikotoka baadhi ya watawa 23 wa mwanzo. Migodi ilikwisha, bendera haziachi kuja. Kila Julai zinapita katika mlango wa kanisa, zinavuka mstari mweusi, zikibebwa na wanaume kwa wanawake, watoto na wajukuu wa watu waliochimba.

William wa Saint-Calais alijenga ili watu wa kaskazini wajue nani ametawala. Mafundi wake walijenga vizuri kupita nia yake. Utawala ule ulikwisha zamani, na waliobaki na kanisa ni wenyeji, pamoja na mtakatifu wao. Msomaji utakayepata nafasi ya kufika Durham, usiishie ukumbi mkuu. Nenda hadi njia za pembeni za upande wa mashariki, inua macho uzitazame mbavu zile za kale, kisha zunguka nyuma ya madhabahu kuu usome lile neno moja kwenye jiwe.